Muhogo wa Siku Moja

Sudi hapendi simu. Akipiga, huongea kwa sauti kubwa kama mtu anayeita mtumbwi ulio mbali, kisha hukata kabla hujamaliza kumjibu. Jumanne ile alinipigia nikiwa sijanywa hata chai, hapa Kidahwe ninapoishi tangu nistaafu ukarani wa ghala. "Msomi," akasema, "Adela ametutoka. Tunazika kesho, huku Ujiji." Akakata. Nilibaki nimeishika simu, macho yangu yakiwa kwenye kona ya chumba, kwenye mfuko wa unga wa muhogo ambao kondakta wa basi alinishushia mwezi uliopita. Nilikuwa sijaufungua. Kila kiangazi, kwa miaka mingi, mfuko kama ule umenifikia, na kila mara aliyeuleta alikuwa amepewa maneno yale yale ya kunifikishia: "Mwambie Msomi, huu umelala maji siku tano." Marehemu mke wangu aliwahi kuniuliza maana yake. Nilimjibu kwamba ni utani wa tangu utotoni. Nilimdanganya naye pia.

Habari za ukoo wangu sitaziandika, kwa sababu ukoo wangu hauna kosa katika jambo hili. Nitaandika mwaka mmoja tu, ule nilipokuwa kidato cha tatu, nimerudi likizo kijijini kwetu kando ya ziwa, mwendo wa siku nzima kwa miguu kusini mwa Ujiji. Tulikuwa wanne. Sudi alikuwa mtoto wa jirani, mfupi, mwenye mgongo mpana kama mlango. Gaspari na dada yake Adela walikuwa wa familia iliyotoka Burundi, wakiishi na bibi yao waliyemwita Nyogokuru. Gaspari alikuwa na miaka kumi na mitano na hakuweza kunyamaza. Adela alikuwa na kumi na saba. Mimi nilikuwa na kumi na minane, na kwa kuwa ndiye pekee niliyefika sekondari, waliniita Msomi. Jina hilo lilinipendeza kuliko nilivyostahili.

Kijiji kilikuwa na boti moja tu ya injini, na injini ilitunzwa na mjomba wake Sudi. Jumamosi moja asubuhi nilimwendea nikamwambia mwenyekiti ametutuma Katonga kumleta mwamuzi wa mpira. Mwenyekiti hakututuma popote. Tulitaka tu kuona mechi Katonga, na kula mandazi, na kuonekana tukishuka kwenye boti ya injini. Mjomba aliniamini kwa sababu nilikuwa nasoma. Tuliona mechi. Wakati wa kurudi mafuta yalituishia katikati ya safari, upepo ukatusukuma, na tulifika nyumbani Jumapili adhuhuri tukiwa tunapiga kasia, tukicheka kwa uchovu. Tulipokaribia tuliona wanawake wameketi mchangani na kanga vichwani. Hakuna aliyetuita. Zaituni, mke wa Bakari, alishikwa na uchungu Jumamosi ile ile jioni, mtoto akakwama. Waliitafuta boti hawakuiona. Walimbeba kwa machela njia ya ufukweni kwenda Ujiji, akafia njiani, na mtoto tumboni.

Hawakutupiga. Hata leo naona bora wangetupiga. Baraza lilikaa siku moja, na mwenyekiti akasimama akasema maneno machache: "Kuanzia leo hawa wanne si watu wa hapa. Asiwasalimie mtu, asiwape moto, asiwachotee maji. Muhogo uvunwe, upandwe, uvunwe tena, ndipo tutakaa kuwafikiria. Mmoja wao akikanyaga hapa kabla, wote wanaanza kuhesabu upya." Kutengwa kulikuwepo kwetu tangu zamani, ila nilikuwa nimeona mtu mzima mmoja tu ametengwa, na yeye alihamia mbali. Sisi hatukuwa na mbali pa kwenda. Sudi aliijua kambi moja ya wavuvi iliyoachwa, nusu siku zaidi kusini. Tulipokuwa tunatoka kijijini tulimkuta Nyogokuru ameinama njiani kana kwamba anafunga kiatu, naye hakuwahi kuvaa viatu. Aliondoka bila kututazama. Pale alipoinama aliacha kipande cha chungu chenye majivu, na ndani ya majivu kaa la moto. Adela alilibeba kaa lile mpaka kambini, akilipulizia kila tulipopumzika.

Kambini palikuwa na nyumba moja ya fito na udongo, yenye chumba kimoja kirefu. Kuta zilinuka dagaa wa miaka mingi. Mvua ikinyesha harufu ilitoka upya, ukadhani wameanikwa jana. Kwenye boriti palikuwa bado na kulabu ya kutundikia karabai, na Gaspari alitundika hapo shati lake jeupe la kanisani, akasema ndiyo taa yetu. Adela na kaka yake walilala upande wa mlango, mimi na Sudi upande wa ziwa. Tulikuwa na ndoano tatu, sufuria moja, jembe lisilo na mpini, na kinu kilichopasuka. Nyuma ya nyumba kulikuwa na michikichi michache na shamba la muhogo walilopanda wavuvi, aina chungu, ile ambayo hata nyani wakiing'oa huitupa.

Watu wa kijijini walipita na mitumbwi mbele ya kambi yetu, maana njia ya kwenda kwenye mashamba yao ya kusini ilikuwa hiyo. Hawakuruhusiwa kutusalimu. Lakini maji yakitulia sauti husafiri, nao walijua. Mvuvi mmoja alipunguza mwendo, akaliambia kasia lake kwa sauti: "Wewe kasia, umesikia? Mama Sudi homa imemwacha." Sudi akaketi chini pale pale alipokuwa. Mwingine aliiambia ndoo: "Ndoo, mwenzangu, mwaka huu mahindi ni ya ndege." Gaspari naye alijifunza kujibu kwa kuliambia jiwe: "Jiwe, tuko wazima, ila Msomi anakoroma." Mtumbwini walijizuia kucheka, mabega yakitikisika. Siku moja alipita Nyogokuru mwenyewe, ameketi katikati ya mtumbwi wa jirani, uso ameuelekeza ng'ambo. "Kasia," akasema, "ule muhogo wa kambini ni mchungu. Ulale maji siku tano. Tano, kasia. Usinihesabie nne."

Adela alishika neno hilo. Alivundika muhogo pembeni mwa ziwa, kwenye dimbwi lililozungushiwa mawe, na kila asubuhi aliweka kokoto moja juu ya gogo. Kokoto zikifika tano alitoa muhogo ukiwa laini, tukaumenya, tukatoa nyuzi, tukauanika juu ya miamba, tukautwanga. Ugali wake ulikuwa mweupe, unavutika. Tuliula kwa kisamvu chenye mawese, bila chumvi, na kwa samaki tulipojaliwa. Samaki mmoja tulimgawa vipande vitatu. Adela alisema hapendi samaki. Sisi wavulana watatu tulimwamini, tukala, tukanyonya na vichwa.

Kisha zikaja mvua, na pamoja nazo upepo wa kusini. Ndoano mbili zilikatika katika wiki moja. Ziwa likawa linapiga mawimbi kama ukuta, hatukuweza kwenda hata hatua kumi majini. Wiki nzima ilipita bila samaki, ikafuata ya pili. Muhogo uliokuwa umeanikwa haukukauka, tukaupoteza wote kwa ukungu, na uliobaki ulikuwa dimbwini na kokoto moja tu juu ya gogo. Nakumbuka asubuhi ile kuliko ninavyokumbuka siku ya ndoa yangu. Gaspari alikuwa amelala kifudifudi akitafuna uzi wa mkeka. Sudi alikuwa anachonga mpini wa jembe. Niliinama dimbwini nikaanza kutoa muhogo.

"Oya," Adela akasema, hapana ya Kirundi. "Bado siku nne."

"Siku nne tutakuwa tumekufa."

"Bibi alisema tano."

"Bibi yako hajasoma kemia," nikamwambia. "Sumu ya muhogo ni asidi. Asidi inaondoka kwa moto. Kule kuvundika ni kwa ajili ya kuulainisha tu. Tutaukata vipande vidogo, tuubanike juu ya moto ukauke, tuutwange. Moto ni moto."

Maneno hayo niliyatunga pale pale. Sikuwahi kufundishwa hayo popote. Nilikuwa nimesoma ukurasa mmoja kuhusu asidi na kujibu swali moja la mtihani, tena nikapata nusu. Adela alimtazama Sudi. Sudi akasema, "Yeye ndiye amesoma." Adela akamtazama Gaspari. "Dada, mi nina njaa," Gaspari akasema, na huo ulikuwa mjadala wote. Niliichukua ile kokoto moja juu ya gogo nikaitupa ziwani, ili asiendelee kuhesabu.

Ugali wa siku ile ulikuwa na uchungu nyuma ya ulimi. Tulikula tukashiba, na kushiba kulinipa kiburi. Tangu hapo tukawa tunavundika siku moja, mara nyingine usiku mmoja tu, kwa wiki sita au saba. Baada ya kula tulishikwa na kizunguzungu. "Ugali huu unatula sisi," Gaspari alisema, akajilaza, tukacheka. Adela alitapika mara nyingi kuliko sisi, nami nikamwambia ni njaa inayomtoka. Hayo yalikuwa maneno yangu kamili: ni njaa inayokutoka.

Siku moja mvua ilipopumzika, Adela alikwenda kuokota kuni mbali, akarudi na mzigo mkubwa. Aliutua, akaketi kwenye gogo lake kupumzika. Alipotaka kusimama hakuweza. Hakulia. Aliita, "Gaspari, njoo uninyanyue," kwa sauti ya kawaida kabisa, na Gaspari akaenda akifanya mzaha kwamba dada amezeeka. Walipojaribu, miguu yake ilikuwa imekakamaa, magoti yanagongana, vidole vinachora mchangani. Tulimkanda kwa mawese ya moto mpaka jioni. Kesho yake ikawa vile vile, na keshokutwa.

"Nambeba nampeleka kwa mganga wa zahanati," Sudi akasema.

"Zahanati iko kijijini," nikasema. "Tukikanyaga pale tunaanza kuhesabu upya. Imebaki miezi minne."

"Najua."

"Subirini," Adela akasema kutoka kwenye mkeka. "Labda itapita. Msiharibu mwaka kwa ajili yangu."

Na mimi nikakubali. Siku tatu nyingine nilikubali, nikimlisha ugali ule ule. Siku ya nne Sudi hakuuliza mtu. Alimfunga Adela mgongoni kwa shuka kama mtoto, akashika njia ya ufukweni, nasi tukamfuata. Alitembea nusu siku bila kumtua. Kila nikisema nimpokee, alijibu, "Bado." Njia hiyo hiyo, kupita kijiji na kuendelea, ndiyo waliyombebea Zaituni. Hakuna kati yetu aliyelisema hilo, lakini najua wote tulikuwa tunalifikiria.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja chenye meza, kitanda cha chuma na dirisha la wavu. Mganga hakuwa mwenyeji wa pale, kwa hiyo kutengwa kwetu hakukumhusu. Alimpiga Adela magotini kwa ukingo wa kiganja, miguu ikaruka yenyewe. Kisha akanigeukia mimi, maana alisikia wananiita Msomi.

"Mlikuwa mnakula nini?"

"Ugali wa muhogo."

"Mtamu au mchungu?"

"Mchungu."

"Mnauvundika siku ngapi?"

Mlangoni walikuwa wamejaa watu, wamesimama mbali na sisi kwa urefu wa mkono. Mwenyekiti alikuwepo. Nyogokuru alikuwepo. Sudi alikuwa nje, amelala chini ya mti kwa uchovu, mbali na maneno yetu. Mbele yao wote alisimama Bakari, mume wa marehemu Zaituni, mikono nyuma. Nilijua jibu. Nilijua pia kwamba nikilitoa, nitakuwa nimewaua wawili kwa ujinga na kumlemaza wa tatu kwa elimu, na kijiji kizima kitasikia.

"Tano," nikasema.

Mganga alikunja uso. "Una hakika?"

"Tano, bwana mganga. Tulikuwa tunaweka kokoto."

Akaweka kalamu chini. "Basi huu ugonjwa siujui."

"Mimi naujua," Bakari akasema kutoka mlangoni. Hakuongeza sauti. "Zaituni alikufa akitaka kwenda, hakuweza kwenda. Amechukua miguu ya huyu. Deni lake limekwisha. Hawa wengine warudi nyumbani."

Watu waliitikia kwa kuguna. Nilimtazama Adela. Alikuwa amelala kitandani, uso wake uko upande wangu, macho yake hayajakasirika wala hayajalia. Alinisubiri. Nilikuwa na muda wa kusema, watu walikuwa bado hawajatawanyika, Bakari alikuwa bado pale. Gaspari alifungua mdomo, na Adela akamshika kifundo cha mkono, Gaspari akafunga. Jioni hiyo nilikula kwa mama yangu wali wa nazi wa wageni, nikiwa nimesamehewa.

Nilirudi shule. Adela alibaki na laana niliyompatia. Wajawazito walivuka njia wakimwona anakuja na magongo. Kina mama walificha watoto wachanga asiwaguse. Kijana mmoja aliyetaka kumposa alizuiwa na wazazi wake, nao hawakumficha sababu. Mwishowe alihamia Ujiji, akajifunza kushona, akanunua cherehani ya mkono kwa kuwa ya miguu hakuiweza. Gaspari alipofariki, Adela alimlea binti yake, Neema. Mimi niliajiriwa, nikaoa, na siku moja nikasafiri na daktari mmoja kwenye treni, nikamsimulia habari ile kama habari ya mtu mwingine. Alinieleza kwamba ni muhogo kweli, kwamba moto peke yake hausaidii, na kwamba humwangusha kwanza yule anayekosa samaki. Sikulala safari nzima. Hata hivyo nilipofika sikwenda Ujiji. Nilijiambia yamepita. Kiangazi kilichofuata ndipo mfuko wa kwanza ulipofika, na maneno yake. Nadhani alikuwa ananiuliza lile swali la mganga kila mwaka, na kila mwaka mimi nilipokea unga, nikala.

Tulimzika Jumatano mchana. Sudi alikuja na fimbo, mgongo wake ule mpana umepinda. Tulishikana mikono muda mrefu. Baada ya mazishi tulikaa kwenye mkeka uani, karibu na jiko la nje, chini ya dirisha la chumba chake cha kushonea. Niliiona cherehani kupitia wavu, imefunikwa kitambaa. Kina mama walikuwa wanahangaika. Wageni kutoka Kasulu walikuwa wengi kuliko unga. Mmoja wa kina mama hao, jirani aliyesimamia upishi, alifunua pipa la plastiki lililokuwa kivulini.

"Neema, mbona kuna muhogo humu?"

"Shangazi aliuvundika Jumapili, mama. Kabla hajazidiwa."

"Umeshalainika huu. Tuutoe, tuubanike motoni, jioni tusage. Watu watakula nini?"

"Uacheni," nikasema.

Wakanigeukia. "Mzee, shikamoo yako," yule jirani akasema, "lakini wewe kaa na wazee wenzako mkekani. Ya jikoni umeyajulia wapi?" Wenzake wakacheka kidogo, kicheko cha msibani.

"Uacheni mpaka Ijumaa. Haujafika siku tano."

"Kwa nini tano?" Neema akauliza. Ana macho ya Gaspari. "Hata shangazi alikuwa hivyo hivyo. Nne hataki, lazima tano. Hakuwahi kunieleza."

Nikaeleza. Nilianza kwa ile boti na uongo niliomwambia mjomba, nikaja kwenye kokoto niliyotupa, nikaja kwenye zahanati. Sauti yangu ilikuwa ndogo, ikabidi wanawake wasogee. Nilipofika kwenye neno nililomjibu mganga, Neema alikuwa ameshika ukingo wa pipa kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo hakulaaniwa," akasema.

"Hakulaaniwa. Ni mimi."

"Na yeye alijua."

"Alijua. Alinisikia."

Neema aliingia ndani akafunga mlango. Sudi hakuwa amesogea. Alikuwa anatazama mikono yake mwenyewe, ile iliyofunga shuka. "Miaka yote," akasema, wala sikujua anamwambia nani, "nilikuwa namwombea Zaituni amwachie." Akajikongoja, akasimama, akahamia mkeka mwingine.

Sikuondoka. Alhamisi nilikaa pale pale, na Sudi alipita mbele yangu mara tano au sita bila kunisalimu. Chai iliwekwa karibu nami na mtoto asiyesema kitu. Niliitambua hali ile. Nilikuwa nimewahi kuishi ndani yake, ila mara ile tulikuwa wanne. Neema alitoka chumbani jioni, macho yamevimba, akafunua pipa, akatazama, akafunika. Hakuruhusu mtu atoe hata kipande kimoja cha muhogo. Wageni walikula wali wa mchele ulioazimwa kwa majirani.

Ijumaa asubuhi jua lilipofika uani, Sudi alikuja na fimbo yake, akasimama kando ya pipa. Hakunitazama. Uso wake ulikuwa umeelekea ukutani. Akaligonga pipa kwa fimbo, mara moja.

"Wewe pipa," akasema, "leo ni siku ya tano. Kama kuna mtu anajua kumenya, amenye."

Nikakunja mikono ya shati, nikaingiza mikono kwenye yale maji machungu, nikaanza.